Kiboko Hana Habari na Kamera Yako

*Umechoka na Zanzibar na Bagamoyo? Mpeleke mwenzi wako Sumbawanga, mkavuke hadi Katavi. Lakini kabla hamjafunga mabegi, kuna mazungumzo inabidi myamalize nyumbani.*

Mwambie rafiki yako wa Dar kwamba likizo hii unampeleka mwenzi wako Sumbawanga, halafu usikilize utani utakaofuata. Radi ya kiangazi, ungo wa kusafiria usiku, yaani kila mtu ana yake. Wenyeji wameshazoea, wanacheka tu. Na jina la mji wenyewe, wanavyosimulia, linatokana na maneno ya Kifipa yanayomtaka mgeni atupe uchawi wake kabla hajaingia. Karibu sana, lakini hicho ulichokuja nacho kiache nje.

Mimi nayapenda maelezo hayo. Kwa sababu ukifikiria vizuri, kila unapokwenda kwa watu kuna kitu unatakiwa kukiacha mlangoni. Kwa wakwe unaacha ubishi. Msikitini unaacha viatu. Na kwa mnyama mkali je, unaacha nini? Hilo ndilo swali nililorudi nalo kutoka Ufipa, na ndilo ninalotaka tulijadili mwezi huu, hasa sisi tunaosafiri wawili wawili.

Baridi, ulezi na kata ya Izia

Tulikwenda mwezi wa tisa kwa ajili ya harusi ya shemeji yangu, tukafikia kwa shangazi yake mume wangu kata ya Izia, hapo hapo Manispaa ya Sumbawanga. Kama ulizoea kusikia hadithi za basi kuzama kwenye matope kati ya Tunduma na Sumbawanga, sahau. Siku hizi ni lami, na zile kilomita mia mbili na ushee mnapita mkiangalia mashamba na vilima, mkilala na kuamka.

Jambo la kwanza litakalokushangaza ni baridi. Uwanda wa Ufipa uko juu, na asubuhi utamkuta kila mtu amejifunika shuka au koti. Wapenzi wasomaji, hiyo si kasoro! Mnapata sababu ya kukaa karibu jikoni. Shangazi alitupikia ugali wa ulezi, ule mweusi mweusi, na migebuka kutoka Ziwa Tanganyika. Mume wangu, ambaye mjini hujifanya hali ugali usiku, alimaliza na kuomba tena.

Ukiwa mjini unaiona milima ya Mbizi imesimama kama ukuta. Ng'ambo yake ardhi inaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa, ambako hewa inabadilika kabisa, joto tupu. Shangazi alizaliwa huko bondeni. Tulipomwambia kwamba baada ya harusi tunataka kwenda Katavi kuangalia viboko, aliweka kijiko chini.

"Mnalipa hela ili mumwone kiboko?" aliuliza. "Mwanangu, sisi tulikuwa tunaomba Mungu tusimwone."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akatueleza jinsi walivyokuwa wakienda ziwani kuchota maji wakiwa wengi, watoto wakiwa katikati, mmoja akipiga maji kwa fimbo ndefu kwanza ili kama kuna mamba ajulikane. Ziwa Rukwa lina mamba na viboko, na wavuvi wake wanalijua hilo kwa majina ya ndugu zao. "Anayekwenda kuchota maji hana la kuchagua," alisema. "Ila ninyi mna la kuchagua. Basi mchague kwa akili."

Tukaitikia, "Sawa shangazi." Na kesho yake tukaondoka alfajiri.

Safari ya Sitalike

Kutoka Sumbawanga hadi Sitalike, lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ni takriban kilomita 200. Unapita Chala, unateremka kutoka kwenye uwanda, miti inaongezeka, joto linapanda, na koti la Izia linahamia kiti cha nyuma. Halafu wanakuja mbung'o. Dada yangu, usivae gauni la bluu iliyokoza wala jeusi, hata kama limekupendeza. Mbung'o wanaipenda rangi hiyo kuliko mumeo anavyoipenda.

Katavi ilianzishwa kama hifadhi ya taifa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998, na sasa ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Pamoja na ukubwa huo haina msongamano wa magari kama Serengeti au Ngorongoro. Mnaweza kukaa saa nzima mkiangalia kundi la nyati bila kusikia injini ya mtu mwingine. Kwa wawili waliochoka na foleni za mjini, hiyo ni dawa.

Jina lake linatokana na Katabi, mwindaji wa simulizi za kale ambaye wenyeji husema roho yake inaishi kwenye mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi. Hadi leo wapo wanaokwenda pale kuacha sadaka. Unaona tena? Hata kwa Katabi hauingii tu mikono mitupu ukaanza kupiga picha.

Lakini nyota wa Katavi wakati wa kiangazi ni viboko. Mto Katuma unapokauka, maji yanabaki kwenye madimbwi machache, na viboko kwa mamia wanabanana humo kama abiria wa daladala saa 12 jioni. Wanakanyagana, wanang'atana, madume yanapigana. Mamba nao wanajichimbia kwenye mashimo ya kingo za mto, wanalala humo wakisubiri mvua. Ukisimama juu ya ukingo mkavu unaona udongo tu, kumbe chini ya miguu yako kuna wenye nyumba.

Pale Sitalike viboko wako karibu sana na kijiji. Unasimama ukingoni, wao wako chini kwenye tope, wamelala kama mawe yaliyopakwa mafuta. Wanapiga miayo. Wanaonekana wapole, hata wanachekesha. Hapo ndipo hatari inapoanza.

"Picha moja tu, afande"

Siku hiyo tulikuta vijana wawili, mke na mume, wametoka kuoana karibuni. Walikuwa wamekodi gari na dereva mjini. Yule bwana alitaka kushuka kwenye kingo hadi chini, ili mkewe ampige picha viboko wakiwa nyuma yake, karibu kabisa. Mke akasema, "Baby, hapana." Bwana akacheka: "Si wamelala?" Dereva, ambaye nadhani alikuwa anaifikiria bakshishi yake, akasema, "Shuka bosi, ila fanya chapuchapu."

Askari wa hifadhi akamkatalia. Kwa upole, lakini alimkatalia. Bwana akabembeleza: picha moja tu, afande. Kisha akaja na ile sentensi ambayo nadhani sote tumewahi kuisikia: "Likinipata jambo ni juu yangu mwenyewe, nitasaini popote."

Askari akamjibu kitu ambacho nilikiandika kwenye simu palepale. "Likikupata jambo, mimi ndiye nitakayeshuka kukutoa. Na huyu mnyama ndiye atakayepigwa risasi. Sasa ni juu yako peke yako vipi?"

Kimya. Mke akamshika mkono, wakarudi kwenye gari. Hawakuongea njia nzima hadi kwenye kituo kilichofuata, nami niliona kwa macho yangu, kwa sababu tulikuwa nyuma yao.

Ni juu ya nani hasa?

Nimeifikiria sana ile sentensi ya askari, kwa sababu dunia imeshauona ukweli wake zaidi ya mara moja.

Mei 2016, ndani ya wiki moja tu, yalitokea mambo mawili. Huko Santiago, Chile, mwanaume mmoja aliingia mwenyewe kwa makusudi kwenye banda la simba katika bustani ya wanyama. Wafanyakazi wakawapiga risasi simba wawili ili kumwokoa. Yeye akapona. Siku chache baadaye, tarehe 28, mtoto wa miaka mitatu alipenya kizuizi cha bustani ya Cincinnati, Marekani, akaangukia kwenye handaki la sokwe aitwaye Harambe, mwenye uzito wa kilo 200 hivi. Baada ya dakika kama kumi, Harambe alipigwa risasi akafa. Alikuwa ametimiza miaka 17 siku moja kabla.

Dunia nzima ikagawanyika. Wapo waliomlaumu mama wa mtoto, kana kwamba hawajawahi kuponyokwa na mtoto sokoni. Mwendesha mashtaka aliamua kutomshtaki mama huyo. Wengine waliilaumu bustani: mbona mtoto mdogo aliweza kupita? Banda lile lilikuwa limefunguliwa mwaka 1978 na halijawahi kupitwa namna ile, lakini baada ya tukio kizuizi kiliongezwa urefu na kuwekewa wavu. Kwa hiyo jibu lilikuwepo siku zote, ila lilisubiri damu.

Agosti 2022 ikawa zamu ya Afrika. Katika bustani ya wanyama ya Accra, Ghana, mwanaume mmoja aliruka uzio wa usalama akaingia kwa simba, akauawa. Simba hawakutoka nje. Walikuwa kwao, aliyevuka ni yeye.

Ukiyaweka matukio haya pamoja unaona kwamba wajibu si mzigo wa mtu mmoja. Mwenye bustani ana wajibu wa kujenga uzio unaomzuia hata mtoto mtundu, maana mtoto hasomi kibao cha onyo. Mzazi ana wajibu wa kushika mkono. Mtu mzima ana wajibu wa kutoruka. Na mwongozaji ana wajibu wa kusema hapana, hata kama hapana hiyo itamnyima bakshishi.

Sasa Katavi hakuna uzio. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea hesabu. Simba wetu wa kwanza wengi tulimwona kwenye banda la maonyesho ya Nane Nane au Sabasaba, nondo katikati, sisi na lambalamba zetu. Tukajifunza kwamba mnyama ndiye aliyefungiwa. Hifadhini ni kinyume. Aliyefungiwa ni wewe, na kizimba chako ni gari. Ukifungua mlango mahali pasiporuhusiwa, wewe ndiye umeingia bandani.

Ndiyo maana sheria za hifadhi zetu zinakataza kushuka kwenye gari isipokuwa sehemu zilizotengwa, au mkiwa kwenye matembezi rasmi ya miguu na askari mwenye silaha. Mwezi Julai 2025 picha za wageni walioshuka kwenye magari huko Serengeti, wakawazuia nyumbu waliokuwa wakivuka mto, zilisambaa duniani kote. Wengi walikasirikia wageni. Mimi nilijiuliza kuhusu magari: kila gari lilikuwa na dereva, na kila dereva anaijua sheria.

Kifuta machozi

Kuna upande mwingine ambao sisi watalii wa ndani hatuuongelei kabisa, ule wa shangazi.

Tanzania ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na chini yake zikatungwa kanuni za mwaka 2011 kuhusu madhara ya wanyama wakali. Mazao yakiliwa kuna kifuta jasho. Mtu akijeruhiwa au kuuawa kuna kifuta machozi. Angalia majina yenyewe: serikali haisemi ni fidia. Ni kama rambirambi. Kiwango kilichowekwa mwaka 2011 kwa kifo kilikuwa shilingi milioni 1. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2013, waliandika fidia ya shilingi milioni 5 za Kenya kwa kifo. Tofauti hiyo unaipima mwenyewe.

Ninalotaka kusema ni hili. Mvuvi wa Rukwa au mama anayechota maji anakutana na mamba kwa sababu ya maisha. Akipata madhara, familia yake inazunguka ofisini na karatasi ili wafutwe machozi. Mimi na wewe tunakutana na kiboko kwa sababu tumelipa kiingilio na tunataka picha. Tukileta balaa, mnyama aliyekuwa hana kosa anaweza kuuawa, askari anaweza kuumia, na kijiji jirani kinabaki na mnyama aliyechokozwa na kujeruhiwa. Kiboko hutoka majini usiku kula majani. Haulizi kama unayekutana naye njiani ndiye yule wa jana mwenye kamera.

Nilipomsimulia shangazi habari za yule bwana wa picha, alitikisa kichwa. "Huyo hamwogopi kiboko," akasema. "Anamwogopa mkewe asimwone mwoga."

Sasa tuongee sisi wawili

Jamani, shangazi alipiga penyewe. Safari zetu za wapenzi zina shinikizo lake. Wanaume wengi hawataki kuonekana waoga mbele ya mwanamke. Na sisi wanawake, tuseme ukweli, mara nyingine tunawachochea: "Mume wa fulani aliweza." Halafu kuna simu mkononi na marafiki wanaosubiri picha.

Lakini mpenzi msomaji, mwangalie mwenzi wako anavyofanya mbele ya hatari, utamjua kuliko miezi sita ya chakula cha mshumaa. Je, anasikiliza anapoambiwa hapana? Akikatazwa na mtu mwenye kipato kidogo kuliko chake, anaheshimu au anaanza na "unanijua mimi ni nani"? Anajua kwamba hofu yako wewe ni taarifa, si usumbufu? Yule bibi harusi aliposema "Baby, hapana", alikuwa ameshatoa uamuzi wa nusu ya familia ile. Haukuhesabiwa mpaka mwanaume mwenye bunduki aliporudia maneno yaleyale.

Mimi na mume wangu tuliliongea hilo usiku ule Sitalike, huku viboko wakikoroma gizani kama matrekta. Tukawekeana sheria moja ambayo tunaitumia hata nyumbani kwenye mambo ya fedha na watoto: kwenye jambo ambalo likiharibika halirudi, hapana ya mmoja inatosha. Hakuna kupiga kura. Hakuna kununa. Kubishana tutabishana tukiwa salama.

Kabla hamjaondoka

Haya, kwa mnaopanga safari, wekeni haya akilini.

*Muda.* Nendeni kati ya Agosti na Oktoba kama mnataka kuona viboko wamebanana. Mvua zikianza maji yanatawanyika, nao wanatawanyika.

*Mavazi.* Koti zito la Sumbawanga, nguo nyepesi za mikono mirefu za Katavi. Rangi ya kaki au kijani iliyopauka. Manukato yabaki Izia.

*Dereva.* Kabla ya kulipa, muulize: "Nikikuomba nishuke karibu na simba, utasemaje?" Akijibu "Wewe tu bosi," tafuta mwingine. Mkubaliane bakshishi mapema, tena mwambie waziwazi kwamba akiwakatalia jambo la hatari hatapunguziwa hata shilingi.

*Maji.* Usisimame kati ya kiboko na maji. Huyo mnene unayemwona mzembe anaweza kukimbia kilomita 30 kwa saa, na njia yake ya kurudi majini haina breki. Alfajiri na jioni msitembee kandokando ya mto.

*Usiku.* Mkilala ndani au karibu na hifadhi, msitoke bila kusindikizwa. Hata kama choo kiko hatua kumi. Mwamshe mwenzako, mwite mlinzi.

*Watoto.* Kama mmekuja nao, mmoja wenu kazi yake ni mtoto tu. Asipige picha, asishike simu. Mnabadilishana.

*Njiani.* Barabara ya Sumbawanga kwenda Mpanda inakatiza hifadhini. Kubanwa na haja si ruhusa ya kuingia kichakani. Malizeni mambo yenu kabla ya lango.

Na mkishafika ukingoni, simameni pale mlipoambiwa msimame. Vuteni pumzi. Sikilizeni. Picha itatoka ndogo kidogo, kiboko ataonekana kwa mbali, rafiki zako watasema mbona hamkusogea. Mwambieni kila mmoja wao kwamba pale alipokaa yule kiboko ni sebuleni kwake, nanyi hamkualikwa ndani.